Doa Lisilohama

Kila kinachoonekana ndani ya darubini huhama. Fundi Miwani alilijua hilo kama alivyovijua vidole vyake. Dunia inazunguka, mwezi unateleza, na mtazamaji asiposukuma bomba la darubini kwa kidole kila mara anabaki kutazama giza. Ndiyo maana jioni ile, alipoona doa ambalo halikuhama, kitu cha kwanza alichofanya ni kulaumu vumbi.

Alikuwa juu ya paa la nyumba yake, paa la saruji lenye tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Jua lilikuwa limetoka kuzama. Mwezi ulikuwa mchanga, ukucha tu, na sayari ya Zuhura ilikuwa pembeni yake. Fundi alikuwa ameelekeza darubini kwenye ule upande wa mwezi usiopigwa na jua, ambao ukitazamwa vizuri huonekana kijivu, kama sahani nyuma ya moshi. Katikati ya kijivu kile palikuwa na doa jeusi, dogo kuliko punje ya mtama. Mwezi uliteleza ukaenda zake. Doa likabaki palepale.

Akaizungusha lenzi ya kutazamia. Vumbi likiwa juu ya lenzi huzunguka nayo. Doa halikuzunguka. Akabadili jicho, maana huenda uchafu ulikuwa ndani ya jicho lake mwenyewe. Kwa jicho la pili doa lilikuwepo vilevile. Basi halikuwa angani, halikuwa kwenye kioo, na halikuwa machoni mwake. Fundi alikuna kidevu. Alikuwa ametengeneza miwani nusu ya umri wake, na hakujua mahali pa nne.

"Baba Chiriku!" mkewe aliita kutoka ngazini. "Mwambie huyo mke mwenzangu akupikie leo. Mimi nafunika chungu."

"Nakuja."

"Hiyo 'nakuja' ni ya jana, imeshachacha. Toa nyingine."

Mke mwenza ndiyo darubini. Fundi alikuwa ameusaga mwenyewe ule mviringo mkubwa wa kioo uliokaa chini ya bomba, kioo juu ya kioo, unga wa kusagia na maji katikati, jioni baada ya jioni, kwenye meza ileile alikosagia miwani za watu. Chumba cha chini kilikuwa duka lao wote wawili: upande mmoja meza ya Fundi na ubao wa herufi za kupimia macho, upande wa pili cherehani ya mkewe. Majirani walisema nyumba ile haikosi mteja, maana asiyeona vizuri anaona walau nguo yake imechanika.

Fundi hakushuka. Alifanya alichokuwa akifanya dukani kila alipotilia shaka macho yake: aliita macho mengine.

"Chiriku! Njoo mara moja, mama."

Chiriku alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka ya kungoja na ya kusemwa na mawifi. Jina lake la kweli lilitumika shuleni tu. Mdomo wake haukupumzika. Alipanda ngazi akihadithia ngazi zenyewe.

"Hii imevunjika, baba, na hii mama alisema utaitengeneza, na hii paka alilala. Baba, nitazame nini? Nifumbe jicho la kushoto?"

"Usifumbe. Mara ngapi nakwambia? Kufumba kunachosha. Liache wazi, lifundishe kutoona. Jicho ni kama mtoto, ukilizoesha linanyamaza."

"Mimi ni mtoto na sinyamazi."

"Ndiyo maana nimesema mtoto. Sikusema wewe."

Chiriku akacheka, akaweka jicho la kulia kwenye lenzi. Kicheko kikaisha katikati, kama redio iliyochomolewa.

"Unaona nini?"

"Kitu cheusi."

"Kinahama?"

"Hakihami. Kimekaa." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kimegeuka."

"Kimegeukaje?"

"Kilikuwa kimetupa mgongo."

Fundi alimwondoa mtoto kwa bega, akainama kutazama. Mwezi ulikuwa safi na ulikuwa ukiteleza kama kawaida. Doa halikuwepo. Akashusha pumzi kwa furaha. Vumbi limeanguka, alijiambia, na akamshika Chiriku mkono wakashuka kula. Hakugundua kwamba walishuka ngazi zote bila mtoto kusema neno.

*

"Leo redio imekwisha betri?" mama yake aliuliza mezani.

Chiriku alikula. Hakujibu. Jioni iliyofuata hakujibu pia, na mama akamgusa paji la uso, likawa baridi. Si baridi ya mtu aliyenyeshewa. Ilikuwa baridi ya bakuli lililolala nje.

Harufu ilikuja kabla ya mwanga. Fundi aliitambua: ni harufu ya kioo kinaposagwa kikavu, maji yakiwa yamesahauliwa, jiwe na moto pamoja. Aliifuata mpaka dukani, akakuta meza kavu, zana zimefunikwa. Harufu haikutoka mezani. Aliporudi juu na kuinama kumfunika Chiriku shuka, aliikuta kwenye nywele zake.

Usiku ule wote wawili walisikia, na kila mmoja alimngoja mwenzake aseme kwanza.

"Umeacha mtu dukani?" mkewe alinong'ona.

"Nimefunga mwenyewe."

"Basi nani anasaga?"

Chini yao kioo kilikuwa kikipita juu ya kioo, mbele, nyuma, robo mzunguko, mbele, nyuma, robo mzunguko, kwa mwendo wa Fundi mwenyewe, mwendo aliofundishwa na marehemu baba yake na ambao hakuwahi kumfundisha mtu. Walilala wameshikana mikono mpaka sauti ikakoma. Asubuhi Fundi alikuta juu ya meza lenzi mbili za mteja, ambazo alikuwa hajazigusa. Moja ilikuwa imesagwa ikawa kiduara kidogo, sawa na mboni ya jicho la mtoto. Ya pili ilikuwa imeanzwa tu.

Mama ndiye aliyeuona mwanga. Alikuwa akimsuka Chiriku nywele, akamgeuza uso ili apime mstari, na kidole chake kikabaki hewani.

"Baba Chiriku. Njoo. Njoo taratibu."

Ndani ya mboni ya jicho la kulia la mtoto palikuwa na ukingo mweupe, mwembamba kama ukucha.

*

Daktari wa macho alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimkalisha Chiriku kwenye kiti kirefu akamtania kuhusu jina lake, na mtoto asipocheka akajitania mwenyewe.

"Ni mtoto wa jicho," alisema hata kabla hajawasha taa. "Kwa watoto ni nadra, lakini hutokea. Tunamtoa, anaona, anarudi kupiga kelele. Msihangaike."

"Mtoto wa jicho anakua kwa siku?" Fundi aliuliza. "Juzijuzi mwanga huu ulikuwa ukucha. Leo umeshika nusu ya mboni."

"Fundi, wewe shika fremu zako, mimi nishike macho."

Akazima taa ya chumba, akawasha ile ndogo ya mkononi, akaisogeza kwenye jicho la Chiriku. Akatazama. Akaisogeza karibu zaidi. Wazazi walimwona akiipiga taa kiganjani kama inayotaka kufa, akaimulika ukutani, ukuta ukang'aa, akairudisha kwenye jicho. Kisha akawasha taa ya chumba na kwenda kunawa mikono, na aliinawa muda mrefu, akiwapa mgongo.

"Mwanga ukiingia kwenye jicho, kidogo hurudi," alisema bila utani. "Ndiyo namna tunavyoona ndani. Huu unaingia, haurudi."

"Maana yake nini, daktari?"

"Sijui." Akafunga bomba la maji. "Mpelekeni hospitali kubwa. Na samahani, mkitoka mniachie mlango wazi."

Njiani mama alimbeba mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya mapaa, nusu, na Fundi hakuhitaji kulinganisha. Alikuwa mtazamaji, alishalinganisha.

Walipofika nyumbani Chiriku alisema sentensi yake ya kwanza baada ya siku nyingi. Alisema kwa adabu, kama mtu anayetafsiri.

"Baba, anasema alikokuwa hakuna aliyewahi kumtazama. Wewe ndiye wa kwanza. Anashukuru."

Fundi alipiga magoti mbele yake. "Mwambie aondoke, mama. Mwambie nimekosea."

Mtoto alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Anasema hukukosea. Ulikuwa unamtafuta."

*

Bibi Udi, mganga wa majini, aliletwa na mama, na Fundi hakubisha. Zamani angebisha, alizoea kusema kwamba majini yangekuwepo, miongoni mwao angekosekana hata mmoja mwenye kuhitaji miwani? Sasa alimshika mwanamke yule mkono kumpandisha ngazi, maana magoti yake yalikuwa mabovu na alisimama kila baada ya hatua chache kuwatukana waliovumbua ghorofa.

"Magoti haya yanatibu watu, yenyewe hayatibiki," alisema. "Yuko wapi mtoto?"

Alikaa na Chiriku peke yao. Moshi ulipita chini ya mlango. Hakukusikika kelele wala kipigo. Alipotoka, ule utani wa ngazini haukuwepo usoni.

"Mengi ya haya majini nayajua," alisema. "Moja linataka marashi, moja linataka kitambaa chekundu, moja linataka ugomvi. Unalipa, linaondoka. Hili halitaki kitu. Linataka pa kuonea. Limekaa gizani tangu giza lilipoumbwa, na sasa limepata dirisha. Mwezi ukijaa angani, jicho hilo nalo litajaa, na likijaa hilo litaanza la pili. Machoni mwa mwanenu hapatakuwa na mwanenu."

"Linatolewaje?" mama aliuliza.

"Kwa njia liliyoingilia. Mwezi mpevu, kioo kilekile. Atazame mtu mwingine, akiwa amemshika mtoto mkono, naye aliite. Litatoka kwake liingie kwa huyo."

"Mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Wewe hujui kutazama, mama," alisema Fundi. "Mimi nililiona kwanza."

"Na likishaingia kwako?" mkewe akauliza.

Bibi Udi akajibu badala yake. "Nyumba ya mlango mmoja hufungika. Atatazama kwa jicho moja, lile la pili limefumbwa na kufungwa kitambaa. Nitalifungia humo, litakufa na jicho lake. Lakini nisikilize, Fundi. Nyumba yenye milango miwili haimfungii mgeni. Anapita tu."

Mkewe alikaa kwenye cherehani akashona kitambaa cheusi, tabaka juu ya tabaka, na utepe wa kufungia nyuma. Alikata uzi kwa meno.

"Utakuwa chongo," alisema.

"Si wanasema ukipenda, chongo utaita kengeza? Basi utaniita kengeza."

Alicheka kidogo, kisha akaweka kichwa juu ya cherehani, na Fundi akasimama nyuma yake bila kujua pa kuweka mikono.

*

Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Walikuwa juu ya paa kabla haujatokea. Fundi alikaa kwenye kigoda chake mbele ya darubini, kitambaa kimefungwa juu ya jicho la kushoto, kope limefumbwa chini yake. Mkono wa kulia ulimshika Chiriku, aliyekuwa amepakatwa na mama yake pembeni, amefunikwa uso kwa kanga. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye bomba, maana mwezi hauna huruma, unahama hata kwa mwenye shida. Bibi Udi alikuwa nyuma, akisoma kwa sauti ya chini na kupepea chetezo cha ubani.

Mwezi ukachomoza. Fundi akaupata. Ulijaa lenzi yote, mweupe, ukamchoma jicho likatoa machozi, na akaanza kuita kama alivyofundishwa, njoo kwangu uliyekaa kwake, na mwezi ukateleza, akalisukuma bomba, njoo kwangu, ukateleza, akasukuma, na jasho likashuka kutoka kwenye nywele likapita paji la uso likaingia chini ya kitambaa, na mkono wa mtoto ndani ya mkono wake ukazidi baridi mpaka vidole vyake vikafa ganzi, na ile harufu ya kioo kikavu ikapanda kutoka ngazini pamoja na ile sauti, mbele, nyuma, robo mzunguko, ingawa duka lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mwezi ukateleza tena, na safari hii katikati ya weupe kikabaki kitu kisichoteleza.

Kilikuwa kimempa mgongo. Kisha kikageuka.

Fundi hakupiga kelele. Baridi iliingia kwenye jicho lake kama maji yanavyoingia sikioni, na weupe wote ukazimika upande huo. Na wakati huohuo mkono aliokuwa ameushika ukapata joto.

"Mama," Chiriku alisema chini ya kanga.

Mama akaifunua. Jicho la mtoto lilikuwa jeusi, safi, na ndani yake palikuwa na taa ya jirani na kichwa cha mama mwenyewe, vidogo, mahali pake.

"Chiriku! Mwanangu! Umerudi?"

"Mama, mguu umeingia ganzi. Mama, nina njaa. Kwa nini tuko hapa, na bibi huyu ni nani, na mbona unalia? Nani kanisuka hivi, upande mmoja tu? Mama, nimeota niko mahali..."

Maneno yalimwagika, na mama alikuwa akicheka na kulia na kumbusu mdomo uleule uliokuwa ukisema. Fundi alinyanyua uso kutoka kwenye lenzi. Upande wa kulia aliona giza. Upande wa kushoto aliona paa, kamba za nguo, mke wake, mtoto wake. Alifurahi kuwaona. Alikuwa bado akifurahi aliposikia chetezo kikianguka.

"Kitambaa!" Bibi Udi alipiga ukelele. "Mtoto asimtazame! Mgeuze mtoto!"

Kitambaa kilikuwa shavuni. Jasho lilikuwa limekiteremsha, hakuna aliyejua tangu lini. Mtu mwingine yeyote angelikaza kope kwa hofu. Lakini jicho la Fundi Miwani lilikuwa limefundishwa, jioni baada ya jioni kwa miaka mingi, kwamba mwenzake akiinama kwenye lenzi lenyewe hufunguka, hutulia, halioni. Lilikuwa limefanya kazi yake. Hakulisikia likifunguka kwa sababu hakuwahi kulisikia.

"Baba," Chiriku alikuwa akisema, akimgeukia, "baba, nimekuota na we..."

Macho yao yakakutana. Fundi alisikia ile baridi ikivuka nyuma ya pua yake, kutoka kulia kwenda kushoto, bila haraka, kama mpangaji anayevuka ukumbi.

Chiriku hakumaliza neno.

*

Bibi Udi alishuka ngazi bila kushika ukuta na bila kumtukana mtu. Mlangoni alisema tu, "Nilikwambia milango miwili," si kwa ukali. Walipotuma mtu kumwita tena, waliambiwa amehama.

Fundi aliivunja darubini kwa nyundo. Kile kioo alichokisaga mwenyewe alikiponda mpaka kikawa unga. Usiku ule alisikia unga ukitumika. Asubuhi lenzi zote mbili zilikuwa mezani, zimekamilika, zimepangwa pamoja kama zinazongoja fremu.

Mwezi angani ulipungua, ukafa, ukaandama upya. Katika macho ya Chiriku haukupungua. Miwili, mipevu, siku zote. Mama yake hufunga vioo vyote vya nyumba kwa vitambaa anavyoshona mwenyewe, na akimlisha humlisha kutoka nyuma. Wateja wameacha kuja. Anayepita dukani husema kuna harufu.

Siku hizi mtoto anaongea tena, lakini jioni tu, na kwa baba yake tu. Humwita juu ya paa, naye hupanda, kwa sababu sauti ni ile, na kwa sababu kila jioni hujiambia kwamba huenda leo ile sentensi iliyokatika itamaliziwa. Hukaa kwenye kigoda chake cha zamani na Chiriku husimama mbele yake, karibu sana. Fundi, ambaye jicho lake la kulia halikurudi kuona, hujaribu kufumba lile moja lililobaki.

"Usifumbe, baba," mtoto humwambia kwa upole. "Kufumba kunachosha. Liache wazi."

Naye huliacha. Kisha kichwa chake huanza kuinama pembeni kwa uchovu, na hapo huhisi kidole kidogo, baridi, kikigusa shavu lake na kukisukuma kichwa kidogo tu, na baada ya muda kidogo tena, kama mtu anavyosukuma bomba ili anachokitazama kisitoke katikati.